Suruali ya Kijivu ya Baba

Nyumbani,
Chumba cha nyuma, penye cherehani,
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, nazo ni nyingi kuliko hasira niliyo nayo. Hujambo? Kile kifua chako kimepoa? Shemeji na watoto wazima? Sisi tunaamka na tunakula. Zaidi ya hapo nisikudanganye.

Baba atakatwa mguu Alhamisi. Ule wa kushoto, chini ya goti.

Habari ya kidonda nilikuarifu, ila sikukuambia kilivyoanza. Sindano ya kushonea ilianguka, akaikanyaga, akashinda nayo unyayoni huku anaendesha cherehani. Hakuhisi kitu! Mama ndiye aliyeiona jioni, Baba alipoinua miguu juu ya stuli. Fundi mzima, wateja wanamwita Mzee Pindo, halafu aje aangushwe na sindano. Kidonda kikagoma kupona, vidole vikaanza kuwa vyeusi.

Dada, acha niseme, nisije nikapasuka. Mwaka juzi daktari alipomwandikia insulini ya sukari yake, ulimpigia simu ukamwambia asithubutu, eti Baba Mkubwa alianza sindano hizo hizo na mguu ukaenda. Ukoo mzima uliamini hivyo. Lakini wewe ndiye Baba anayekusikiliza, na siku ile alikusikiliza.

Sasa daktari ametueleza taratibu, mimi na Mama. Sukari ikikaa juu miaka mingi huiharibu mishipa ya damu kwa ndani, ikawa migumu na myembamba, damu isifike nyayoni. Insulini huishusha hiyo sukari, mishipa ikapata nafuu. Baba Mkubwa aliianza mishipa ikiwa imeshaziba, ndiyo maana sindano ikabebeshwa lawama. Nikauliza, je, Baba akichoma sasa mguu utapona? Akasema mshipa ulioziba hauzibuliwi na insulini. Itasaidia kulinda macho, figo na mguu uliobaki.

Anajichoma mwenyewe sasa, tumboni, wala hacheleweshi. Nesi alipotaka kumwelekeza namna ya kushika, Baba akamtazama: "Mwanangu, sindano unanifundisha mimi?" Foleni nzima ikacheka. Mimi nilitoka nje nikalia.

Jana nimemkuta na ile suruali ya kijivu aliyoivaa siku tuliyokusindikiza. Alishaukata mguu wa kushoto, anaupiga pindo. Alikuwa anakanyaga kwa mguu wa kulia peke yake, anaujaribu kama utaiweza kazi. Cherehani ilikuwa inakwama, anaanza tena. Pindo lenyewe limenyooka, huwezi kuamini. Mama alichungulia, akarudi chumbani akajifungia.

Tangu nikuarifu kidonda umekuwa kimya. Naelewa, na bado inaniuma. Simu ya mtu yeyote ikilia humu ndani, Baba anauliza kama ni wewe. Tukisema si wewe, anajibu tu kwamba huko kazi ni nyingi.

Mama anakusalimu sana. Shangazi naye, na makelele yake yote. Mungu akulinde huko uliko, akurudishe kwetu salama.

Jumatano jioni piga simu, nakusihi. Usimwombe msamaha, mtalia nyote wawili na mimi sina nguvu ya kuwabembeleza. Muulize suruali imemkaaje.

Mdogo wako akupendaye, hata akinuna,
Kitindamimba