Ngazi ya Ofisi ya Garsen

Jumanne, Garsen

Bado sijui niwape ngapi. Makao makuu wanataka nipime ofisi hii ya kusaidia wakulima imekomaa kiasi gani katika kupokea mabadiliko, kuanzia ngazi ya kwanza hadi ya tano. Ikipata chini ya tatu itaunganishwa na ya Hola, na watu wa hapa watakosa kazi.

Niliuliza mpango wao wa mabadiliko uko wapi. Hawana. Nani anasimamia mabadiliko? Hakuna. Komora, afisa wa mashamba, akanicheka. "Dada, unatupima kama watoto wa kliniki! Haya, tuna kilo ngapi?"

Kwa vipimo vyangu, ni ngazi ya kwanza. Lakini wakati wa mafuriko yaliyopita nilikuwa hapa kikazi. Mto ulipoanza kupanda, hakuna aliyeitisha kikao. Kufikia adhuhuri mbegu, makabati, hata mbuzi wa mlinzi, vyote vilikuwa shuleni kwenye mwinuko, na wakulima wa kijiji cha Kilelengwani wanahudumiwa hukohuko.

Halafu watu hao hao wamepewa mfumo mpya wa kuhudumia wakulima kwa simu tangu mwaka jana, na hakuna anayeutumia. Wanangoja nini? Maji yafike mlangoni?

Jioni Komora aliniletea maembe. "Ukituangusha," akasema, "uje mwenyewe utuage. Usitume meseji."

Nimeandika moja, nikafuta, nikaandika tatu, nikafuta. Naona zote ni kweli. Jibu linatakiwa asubuhi.

Maembe yananukia chumba kizima. Sijayagusa.