Sauti Nyembamba ya Ziwa

Stockholm, 9 Novemba 1963

Baba,

Shikamoo. Mgongo unaionaje baridi hii? Mimi mzima, ila mdomo umechubuka kwa saksafoni. Baada ya miaka yote ya kupigia watu dansi, nimepewa ukumbi mkubwa mwezi Januari nipige jazi niliyotunga mwenyewe. Umebaki mwisho tu. Nataka barafu ya ziwa letu iuimbe pamoja nami. Nitakuja na Egil, mpiga ngoma wangu, na mashine ya kurekodi.

Mwanao, Sixten

Tällvik, 17 Novemba

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo ni uleule, haujahama. Jirani Alfhild alikusikia redioni. Akaniuliza, "Ragnvald, mwanao kafungia ng'ombe anayezaa mle ndani?" Lakini hakuzima.

Njoo. Ila kumbuka nilichokufundisha tukiteleza juu ya ziwa lililoganda: barafu nene hulia kwa sauti nzito, nyembamba hulia kwa sauti nyembamba. Ikianza kupanda, geuka. Usisimame kusikiliza.

Baba yako

Stockholm, 3 Desemba

Baba,

Shikamoo. Kuni bado zipo? Asante kwa kahawa na dagaa wa siki tulipokuja. Tumeisikiliza kanda. Ulituweka karibu na gati, tukapata sauti nzito tupu. Hiyo hata saksafoni yangu inaitoa. Naitaka ile ya juu.

Egil kasema, "Bosi, mzee alisema tugeuke." Nikamjibu mzee hajawahi kupiga jazi. Jumamosi tunakwenda pale mto unapoingia ziwani. Hatutapita nyumbani, utatuzuia.

Mwanao, Sixten

Tällvik, 5 Desemba

Sixten,

Salamu baadaye. Pale maji hayalali chini ya barafu hata Februari. Usiende.

Baba

Tällvik, 13 Desemba

Mwanangu,

Mimi mzima. Leo sikukuu ya Lusia, watoto wamepita na mishumaa yao, nikawapa mkate.

Egil yuko hapa. Alibaki ufukweni na mashine, wewe ukaenda kwenye barafu na waya wa maikrofoni. Barua yangu aliikuta mlangoni kwako aliporudi Stockholm, haijafunguliwa. Kanda tumeisikiliza mpaka mwisho. Sauti uliyoitaka imo. Unaijibu kwa saksafoni, inapanda, unaijibu tena. Halafu unauliza, "Egil, umeipata?"

Wanaume wa kijiji wako tayari kukutafuta kwa ngazi na kamba, lakini hawawezi kuingia mpaka barafu ibebe mtu. Kila asubuhi nashuka kuisikiliza.

Sauti bado iko juu.

Baba yako