Vya Kuangalia Bure Huku Liuli

Liuli,
5 Mei 2024

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa mahali pazuri na mguu umetulia. Sisi huku wazima, mtoto mzima, mkwe wako Hamphrey naye mzima ila mafua. Nakuandikia kwa sababu simu imenishinda. Kila nikikupigia unauliza "Nani?", nikisema Vitalia unauliza "Vitalia yupi?", tukija kuelewana mtandao umekata. Barua haikati.

Mama, Emiliana ana miezi mitatu na bado hujamwona. Amechukua paji lako la uso. Akikasirika analikunja kama wewe ukiona mbuzi kwenye kahawa. Kila siku namwambia bibi anakuja, sasa naona hata yeye hanisadiki.

Najua unachowaza. Unawaza huku ziwani ni joto na mbu tu. Sasa sikiliza. Liuli ni bandari ya zamani, tangu Wajerumani, watu wanatoka mbali kuja kutembea. Na kuangalia ni bure mama, hakuna anayekudai. Kuna jiwe kubwa limekaa majini, wanaliita Pomonda, ukilitazama kwa ubavuni linafanana na simba amelala. Kuna mahali meli ya Wajerumani ilipigwa mzinga na Waingereza vita ile ya kwanza, wanasema manahodha wao walikuwa wanakunywa pamoja, na huyu Mjerumani wa huku alikuwa hajasikia kama vita imeanza. Kuna kanisa la zamani la Waanglikana, unaingia unakaa, kuna ubaridi mzuri. Na ufukwe wote huu, kutembea ni miguu yako tu.

Kwa hiyo usiseme huna cha kuja nacho. Njoo mikono mitupu. Wewe njoo tu uangalie.

Ni mimi mwanao,
Vitalia


Litumbandyosi,
20 Mei 2024

Vitalia mwanangu,

Marahaba. Mguu ni uleule. Konda amenifikishia barua yako ikiwa na mafuta ya samaki, nimeisoma huku paka ananizunguka. Nashukuru mtoto ni mzima. Hamphrey anywe maji ya moto.

Sasa wewe umeniandikia mawe. Mwanangu, mimi nalima ngoro, mashimo yetu ya kupandia, huku mlimani, mawe nimeyang'oa kwa mikono hii tangu sijakuzaa. Ningetaka kuangalia jiwe ningekaa mlangoni kwangu. Na hao manahodha walevi wananihusu nini?

Maharage yako shambani, kahawa nayo inaanza kuiva. Siwezi kuondoka hovyo.

Halafu nikuulize kitu. Anayeniita ni nani? Barua nimeisoma nikairudia, naona jiwe linaniita, kanisa linaniita, mchanga unaniita. Mama yake Hamphrey yupo? Anasemaje? Nijibu hilo kwanza.

Na hayo maneno ya mikono mitupu usiyaandike tena kwenye karatasi. Watu wakiyaona watasema sikukulea.

Mama yako


Liuli,
9 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Nashukuru kusikia uko mzima. Huku mafua ya Hamphrey yamehamia kwangu, mtoto ameepuka.

Umeuliza mama yake Hamphrey. Yupo, mama Lidia, mzima, anakusalimia sana, anasema karibu. Hamphrey naye anasema karibu, siku yoyote. Anasema huku kwao bibi haulizi, anajitokeza tu na kikapu chake. Haya, nimekujibu. Sasa kuna nini tena?

Mama naomba nisikukosee, lakini unanichosha. Wenzangu niliojifungua nao, mama zao walifika mtoto hata kitovu hakijakauka. Wameogesha, wamepika uji, wamegombana na wakwe, wamerudi kwao. Mimi naulizwa na majirani, "Vitalia, mama yako yupo hai?" Nasema yupo, anavuna. Wananiangalia. Juzi mmoja akaniambia, "Basi hayo maharage yana bahati." Nilicheka, halafu nikaingia ndani nikalia. Siyo sana.

Kama jiwe hulitaka, basi. Kuna makaburi ya wamisionari wa zamani, wewe unapenda makaburi. Asubuhi kuna boti za dagaa zinaingia, unasimama unaangalia, na hapo hutoi kitu. Ukichoka unakuja nyumbani unampakata mtoto. Ugumu uko wapi, mama? Niambie ugumu uko wapi nami niutoe.

Mwanao anayekungoja,
Vitalia


Litumbandyosi,
21 Julai 2024

Vitalia,

Marahaba. Nilikuja.

Usishtuke, endelea kusoma. Ijumaa ya wiki iliyopita nilishuka Liuli, Jumamosi nikarudi. Nililala kwa Emerensiana, yule wa ukoo wa jirani zetu anayeuza maharage hapo sokoni kwenu. Ulinialika kuangalia, nikasema basi ngoja nikaangalie.

Jiwe nimeliona. Ulisema simba amelala. Mimi nimemwona marehemu mjomba wako Ignatio akiwa amenuna. Nikaenda pale pa meli, nikauliza meli iko wapi. Wakaniambia ilishaondoka zamani sana. Sasa nikuulize, mtu anatoka kwao kwenda kuangalia mahali ambapo kitu hakipo? Kanisani niliingia, nikakaa, ni kweli kuna ubaridi. Nikasali rozari yangu humohumo kwa Waanglikana, hakuna aliyenifukuza. Makaburi ni mazuri, yamefagiwa. Dagaa nimewaona.

Vyote hivyo nilivizunguka taratibu, na nilivizunguka tena. Nilisema mji ni mdogo, habari itafika, watu wako watakuja kunichukua. Hakuja mtu.

Nyumba yako niliiona. Emerensiana alinionyesha tukiwa barabarani. Ina bati jipya upande mmoja. Kulikuwa na nepi kwenye kamba. Nilisimama nikaziangalia zile nepi mpaka Emerensiana akanivuta mkono.

Utauliza kwa nini sikuingia. Vitalia, kwetu mama wa binti haingii kwenye ua wa mkwe wake mara ya kwanza kwa miguu yake, kama kuku aliyepotea. Anachukuliwa. Wanawake wa upande wa mume wanapanda, wanakaa, wanakula, halafu wanasema: "Mama, tumekuja kukuomba ukampakate mtoto wetu." Ndipo anashuka. Hayo angekufundisha shangazi yako Ottilia kama angekuwa hai, maana ni kazi ya shangazi. Mimi mwenyewe nikuambieje? Mtu hajiombei kuchukuliwa. Niliuliza anayeniita ni nani, ukanijibu na makaburi.

Sasa nimesema kwa mdomo wangu, aibu hiyo nimeibeba. Vya bure vyote vya Liuli nimevimaliza. Ambaye sijamwona ni mjukuu wangu.

Mama yako


Liuli,
28 Julai 2024

Mama,

Shikamoo. Mguu unaendeleaje, nauliza kwa adabu lakini nina hasira mpaka kalamu inatoboa karatasi.

Ulikuwa hapa! Mama! Ijumaa hiyo nilikuwa mlangoni nachambua dagaa, mtoto mgongoni, Emerensiana akapita akasema, "Mwenzangu, leo nina mgeni anapenda kuangalia mawe huyo!" Mimi nikacheka. Nilicheka mama, nikamwambia, "Basi asiikose Pomonda." Kumbe ni wewe!

Nimemfuata sokoni. Nikamwuliza, "Kwa nini hukuniambia wazi ni mama yangu?" Akaniambia, "Nilikuambia, ukacheka. Ningesema zaidi ya pale ningekuwa nimemwombea achukuliwe." Sisi watu wa milimani tutakufa kwa adabu, nakwambia kweli. Mtu anasimama barabarani anaangalia nepi na mwenye nepi yupo ndani ananyonya!

Barua yako nimemsomea mama mkwe yote. Kwenye jiwe alicheka mpaka akashika ukuta. Kwenye nepi akaniambia nirudie kusoma. Halafu akamwita Hamphrey, akamsema mpaka waliokuwa majini wakageuka. Hamphrey anajitetea, "Lakini mama, si nilisema karibu?" Akamwambia, "Karibu unamwambia mpita njia!" Na mimi akanigeukia: "Na wewe muda wote huo ulikuwa unamwandikia mawe?"

Lakini mama, ujue nao walikuwa wameumia. Huku kwao bibi anayekaa kwake mtoto anakua, anakuwa amemkataa mtoto. Mama mkwe ameniambia jana, "Mwanangu, sisi tulisema mama yako ana majivuno, mtoto wa wavuvi hamtaki." Miezi yote hiyo, wao wanakungoja ushuke, wewe unawangoja wapande, na mimi katikati nasifia jiwe.

Sasa sikiliza. Tarehe kumi Agosti mama Lidia anapanda na dada yake, na Hamphrey atawasindikiza. Yale maneno ya kukuomba hayajui, nimemfundisha kama ulivyoandika, anayasema huku anageuza ugali. Akikosea usimcheke. Kaa nyumbani siku hiyo. Usiende shamba. Na tafadhali mama, usifungue mlango ukajifanya kushangaa, kwa maana nimekuandikia mimi kwa mkono wangu.

Emiliana ameanza kukaa akiegemezwa mto. Akianguka hajali, anabaki vilevile ameanguka, anatazama.

Mwanao,
Vitalia


Litumbandyosi,
10 Agosti 2024

Vitalia mwanangu,

Wamefika. Nilishangaa kidogo mlangoni, ndivyo inavyotakiwa, usinifundishe.

Mama Lidia anaongea sana ila anakula vizuri. Alianza kupiga magoti nikamwinua, magoti yake ni mabovu kuliko mguu wangu. Maneno aliyasema. Pale katikati aliyavuruga, akaniomba nikapakatwe na mtoto. Sikucheka. Nilimwambia rudia mama, akarudia vizuri, dada yake akapiga vigelegele, majirani wote wakasikia. Ndivyo nilivyotaka, wasikie. Baadaye tukiwa jikoni ndipo tulicheka wote watatu mpaka uji ukamwagika.

Barua hii namtanguliza nayo Hamphrey, anaondoka sasa hivi, maana mimi na mkwe hatuwezi kukaa basi moja tukiangaliana mpaka Liuli. Sisi wanawake tunashuka kesho. Mama Lidia amesema nitalala kwake, siyo kwenye nyumba ya mkwe, hilo nimeshukuru, sikuwa najua nitalisemaje.

Nimechukua maharage, kahawa kidogo, na kuku, ingawa unasema huko kila kitu ni bure.

Usinitembeze mahali. Nikifika tandika mkeka, nipe mtoto, halafu nenda kafanye kazi zako. Usinisimamie hapo juu ukinieleza akilia anataka nini na akikunja uso ana maana gani. Nitaona mwenyewe.

Mama yako