Jina Lako Nimelitaja Berlin

Mama,

Shikamoo. Nakuamkia kwanza, maana ulikuwa husikilizi habari ya mtu ambaye hajakuamkia, hata awe amekuja mbio kukwambia nyumba inaungua.

Tangu tukuzike mwaka jana, nyumbani Kiranjeranje wote wazima. Kaka Hamisi amepogolea mikorosho yako yote kasoro ule wa karibu na kisima. Anasema ulikataza usiguswe, nami sina ushahidi wa kumpinga. Jikoni tumeezeka bati. Najua ungelalamika kwamba moshi hauna pa kutokea, na kweli hauna. Mimi bado nafundisha Kilwa Masoko. Lakini kilichonikalisha kuandika ni kingine. Mama, nimefika Ulaya.

Shule yetu ina urafiki na shule moja ya Berlin, ndiyo mwezi uliopita wakanichagua niende wiki mbili. Jumapili moja mwalimu mwenyeji wangu, Heike, alinipeleka kwenye bustani yao kubwa ya katikati ya mji. Usifikiri bustani ya mchicha. Ni pori lililofugwa. Zamani wafalme wao waliwinda humo, baadaye wakaifungulia watu wote. Ina masanamu ya mawe, mifereji yenye bata, na njia zilizonyooka ambazo unatembea mpaka magoti yanalalamika na mwisho huuoni. Watu wazima wamelala kwenye majani saa nne asubuhi, na hakuna anayewauliza kama wanaumwa.

Tukafika chini ya miti mikubwa iliyokuwa inadondosha kokwa. Za kahawia, zinang'aa, nzito mkononi. Zimetapakaa chini na watu wanazikanyaga tu. Mama, nilishindwa. "Korosho haisubiri mtu," ulikuwa ukisema, "ikilala na umande imeshakununia." Nikatoa kanga kwenye mkoba, nikajifunga kiunoni. Kwanza nikaondoa majani makavu, chini pawe peupe, kama ulivyonifunza. Nikaokota mstari kwa mstari. Kisha nikakaa kuchambua: nzito huku, zilizonyauka kule, zilizotobolewa na wadudu pembeni. Heike alidhani nacheza. Alipoona sichezi, akanishikia mkoba.

Akaja mzee mmoja, mfanyakazi wa bustani, na reki yake. Heike akanitafsiria huku anazuia kicheko: kokwa zile haziliwi na watu, ni chungu na zinadhuru tumbo. Wanaoziokota ni watoto, wa kuchezea. Nilicheka mpaka machozi. Mwalimu mzima, nimevuna sumu saa nzima.

Ila yule mzee hakucheka. Alichuchumaa, akayatazama mafungu yangu matatu, akapima kokwa moja moja kiganjani. Akauliza nani alinifunza kuchambua hivi.

Swali lile likanirudisha mbali, na unajua wapi. Nilipokuwa kidato cha pili, bweni, pale Lindi, ulikuja mpaka getini na kapu la korosho za kuchoma. Mikono yako ilikuwa imebabuka na kuwa myeusi kwa mafuta ya maganda. Wenzangu wakaniuliza, yule nani? Nikasema, jirani yetu. Nilidhani hukusikia. Mwalimu wa zamu alipokuja kukusalimia, ukamwambia, "Mimi jirani tu, mwalimu. Mama yake kanituma." Ukanikabidhi kapu kwa mikono miwili, kama mgeni, ukaenda kupanda basi. Hukulitaja tena jambo hilo mpaka unaingia kaburini, na mimi sikuomba radhi. Kijiji kizima kilikuita Mama Zuhura. Aliyekukana ni mmoja tu, naye ni huyo Zuhura.

Basi nikasimama, nikapangusa magoti, nikamwambia Heike atafsiri neno kwa neno. Nimefunzwa na mama yangu. Jina lake Somoe binti Athumani, mkulima wa korosho wa Kiranjeranje, Kilwa. Akishapita chini ya mkorosho, nyuma yake huokoti hata moja. Mikono yake ilikuwa myeusi kwa kazi, na ndiyo iliyonisomesha. Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko ilivyohitajika. Wapita njia wawili na mbwa wao wakasimama kusikiliza. Mzee akavua kofia, akaniomba nirudie jina, akajaribu mwenyewe: "Somoe." Alilitamka vibaya, lakini alilitamka.

Fungu la kwanza alilitia guniani. Alisema atawapelekea kulungu wanaofugwa nje ya mji, wao huzila wakati wa baridi. Kwa hiyo kazi haikupotea, usinung'unike.

Nilitembea njia yote ya kurudi kifua mbele. Najivunia wewe, Mama. Nilipaswa kukujivunia tangu pale getini. Nisamehe.

Nakuahidi, siku ya wazazi mwaka huu nitawasimulia wanafunzi wangu habari ya kapu lile, yote, hata pale nilipokosa. Na msimu huu chini ya mikorosho yako nitafagia mwenyewe, Hamisi apumzike. Mwenyezi Mungu akupe nafasi na kivuli huko uliko.

Ni mimi,
Zuhura, mwanao. Siyo jirani.