Daktari Anasema Upumzike

Likasi,
Jumapili jioni

Dada yangu Veronika,

Nakusalimu, wewe na wote mnaolala chini ya paa la Mama. Miguu yake imepungua kuvimba? Mimi nipo, nakula, nalala. Moyoni ni kama mguu uliokaliwa mpaka ukafa ganzi.

Vita hapa mjini vimetulia. Wanajeshi wa kigeni wameingia, na daktari wao Mhindi anatibu watu wa Kikula, mtaa tunaokaa. Hajui Kifaransa wala Kiswahili, basi kile Kiingereza nilichochapiwa fimbo na padri kimenipa kazi: nasimama kando yake, nafasiri. Ungecheka, wewe uliyekuwa ukiniita kasuku. Waingereza ugonjwa wanaufungia vineno vidogo mkiani. "Pass out", kupita nje, ni kuzimia. "Pass away", kupita mbali, ndiko kufa. "Pull through", kuvuta mpaka utokee upande wa pili, ni kupona. Nimevizoea.

Kazi ngumu ni kumrudishia mgonjwa maneno hayo. Kwa watu wa mke wangu, habari ya kifo haisemwi kwa mgonjwa mwenyewe. Huambiwa mjomba kwanza, naye ndiye anayejua ataiingizaje nyumbani. Kwa hiyo daktari akikata tamaa, mimi humwambia mgonjwa, "Daktari anasema upumzike," halafu natoka kumtafuta mjomba wake.

Mwamba, mke wangu, amelazwa katika wodi ya daktari huyohuyo kwa uvimbe wa tumbo. Juzi asubuhi daktari alimpima, akavua miwani, akanishika bega, maana anajua ni mke wangu. Akasema kwa Kiingereza chake kwamba huyu hatavuta akatokea. Sikulia. Nilisimama nikitafuta Kiswahili cha maneno hayo, kama nifanyavyo siku zote. Na mjomba wake yuko Kambove, na daraja la njiani limevunjwa.

"Munganga anasema nini?" Mwamba akauliza.

"Anasema upumzike."

Alinitazama sana. "Damasi, minye niko nalala hapa, niko nasikia. Njo vile unaambiaka bale benye kufa."

Kweli, ndivyo niwaambiavyo wanaokufa. Akavuta shuka mpaka kifuani. "Mjomba akikuya, umuambie yeye kwanza. Minye sijasikia kitu."

Tangu hapo tunaishi hivyo. Namnywesha uji, ananiuliza unga sokoni uko bei gani, namjibu. Naona aibu kwamba sisikii uchungu. Najua upo, unanisubiri mahali. Nimempa ujumbe mtu mmoja wa baiskeli, atavuka mto kwa miguu baiskeli ikiwa begani. Namwomba Mungu mjomba awahi, dada, kwa sababu Mwamba hawezi kulia kabla hajaambiwa, na mimi siwezi kulia kabla yake.

Nisalimie shemeji, mume wako mvumilivu. Msalimu baba mdogo na ng'ombe wake wakaidi, na shangazi aliyenifungia chakula siku ya safari. Mama akiuliza hali ya mkwewe, mwambie kweli. Usimwambie anapumzika.

Ni mimi, kasuku wako,
Damasi