Ukurasa wa Baba Mkwe

Singida Mjini,
9 Agosti 2001

Kwako dada Theresia,

Shikamoo dada. Hujambo na watoto huko Kiomboi? Na mguu wa shemeji, ameanza kuukanyagia? Mimi kwa mwili ni mzima. Kwa mengine nakuomba usinihukumu kabla hujafika mwisho.

Unajua kiwanda chetu cha alizeti kiliuzwa. Bosi mpya alileta kompyuta inayochunga mashine zote, na kwa kuwa nilisomea kupiga chapa, nikakabidhiwa mimi. Kila mashine ya kukamua ina ukurasa wake wenye jina la anayeiendesha. Ikisimama, rangi ya kijani ya ukurasa hugeuka nyekundu. Kazi yangu ni kupanga kurasa, upi uwe mbele na upi ufuate. Bosi akija na chai yake hutazama wa mbele tu, hana subira ya kufungua za ndani. Chumba chenyewe ni vioo pande zote, wenzangu wananiona nami nawaona, na wananiita jicho la tajiri. Hata chooni siendi kwa amani.

Shida ilianzia kwa baba mkwe, ambaye naye alikuwa akiendesha mashine mle kiwandani. Macho yake yamepungua, na mashine yake ndiyo iliyokuwa ikisimama kuliko zote. Bosi alitaka zinazosimama sana zikae mbele. Dada, umenilea wewe, hebu sema mwenyewe. Ningeandikaje jina la mkwe wangu, nisilolitaja hata jikoni, kisha niliweke mbele ya watu likiwa jekundu? Ukurasa wake niliuita "mashine ya mwisho" nikausukuma nyuma ya kurasa za matanki. Kwangu ilikuwa heshima tu.

Mbele akabaki Peniel, kijana wa Misigiri, ambaye mashine yake ilikuwa ya pili kwa kusimama. Wiki iliyopita akafukuzwa. Nilishindwa kula, nikamweleza mume wangu, na unamjua Isaka, hana kifua. Akamwambia baba yake.

Jioni ile baba mkwe, kwa kuwa hatusemezani ana kwa ana, alizungumza na Isaka huku nami nasikia. Alisema, "Mwambie mwenzako aniweke panaponistahili. Sitaki mtoto wa mtu aondoke kwa ajili yangu." Isaka, ambaye hana kazi tangu ushirika ufe, alinifuata jikoni akaniambia nikithubutu nifungashe nirudi kwetu. Niliwakasirikia wote wawili. Mmoja ananisukuma, mwingine ananizuia, na hakuna aliyeuliza mimi nitapumulia wapi.

Sasa nifike kwenye lile lililonifanya nishike kalamu. Juzi niliuleta ukurasa ule mbele, nikaandika jina lake lote. Nikamweleza bosi kwamba nilikosea kupanga, nikidhani atamrudisha Peniel. Alicheka. Akasema ameshaona kiwanda kinakwenda hata watu wakipungua. Baba mkwe akafukuzwa siku hiyo hiyo, na Peniel hakurudishwa. Mimi nilisifiwa, kisha nikaambiwa nilete mbele ukurasa unaofuata.

Natamani kuacha kazi, dada, lakini siwezi. Isaka hasemi nami, ila hajanifukuza, maana mshahara uliobaki humu ndani ni wangu peke yangu. Jana nilipoandaa chakula, baba mkwe alimwambia Isaka, nami nikisikia, kwamba ananishukuru kwa kumsikia, akanawa, akala. Anakula kwa kazi ile ile niliyomfukuzishia yeye. Na kesho asubuhi natakiwa kwenye vioo, nikachague mwingine.

Nisalimie shemeji na watoto, na mama ukimtembelea mwambie tu kwamba naendelea na kazi. Siku ukikutana na mama yake Peniel mnadani, tafadhali usimwambie kwamba mimi ni mdogo wako.

Ni mimi nikupendaye,
Elina