Papa Wanatuachia Vichwa

Ijumaa, 7 Novemba 2025
Leo tena! Binti yangu Aseel kanasa jodari mkubwa. Kaka yake Hatem kamrikodi kwa simu — fimbo ya kuvulia imepinda, na mwanangu kasimama imara kwenye boti, mashallah, wanaume wa boti ya pili wanampigia makofi. Halafu mshipi ukawa mwepesi. Wakavuta — kichwa kitupu! Papa kamkata. Huyu jodari wa tatu. Hatem asema papa wameshaijua injini yake, wanaifuata, wanangoja dada yake ahangaike, kisha wale wao. Wezi! Vichwa nnavitia friza.

Jumamosi, 8 Novemba
Bi Khole kapiga simu, mama yake Shihab anayemposa Aseel. Kaniuliza hali, kaniuliza miguu yangu, kisha akapenyeza: binti kila Ijumaa baharini, na samaki hatumuoni, huko anavua nini? Kwa sauti ya asali! Damu ikanipanda. Nikamwambia, shoga, Ijumaa njooni mle kwangu, mtakula jodari wa mkono wa Aseel. Mzima! Ndivyo nilivyosema, mzima. Ulimi huu!
Simu ilipokatika ndipo nikawakumbuka papa.

Jumanne, 11 Novemba
Nimemwambia Aseel alipotoka kazini. (Injinia wa maji, wa kwanza katika ukoo wetu. Nimeshaandika, naandika tena.) Kacheka. Asema nimewaahidi watu samaki wa papa. Nikamuuliza, kwani huwezi kuvua pengine? Kanijibu, kote wapo, mama. Nikivuta haraka mshipi unakatika, nikivuta polepole wanakula. Bahari yao.
Bahari yao! Na heshima ya mwanangu je, ya nani?

Alhamisi, 13 Novemba
Marhoon, baba watoto, asema twende soko la samaki la Matrah tukanunue, nani atajua? Bi Khole kazaliwa Matrah! Wauza samaki wote wanamwita shangazi. Jodari hajapimwa, yeye keshajua. Na Aseel kasikia, kasema mkinunua mimi sitoki chumbani, sibebi sifa ya samaki wa watu.
Shihab kijana mzuri, kamtumia meseji asijihangaishe. Lakini Aseel hataolewa na Shihab peke yake, mama mtu yumo.
Nimekuna nazi. Nimekaanga vitunguu. Zaidi ya hapo siwezi kitu, hata chambo sijui kutia.

Ijumaa, 14 Novemba
Wametoka alfajiri.
Saa nne. Hatem kaandika: amenasa! Mkubwa kuliko wote! Ya Rabbi.
Saa nne u nusu. Kimya. Nimeshika simu kama mtu anayengoja daktari.
Saa tano. Kichwa.

Saa saba u nusu. Wageni wamekaa — Bi Khole na dada yake Rahila, wamevaa vizuri, wamenisifu udi wangu. Aseel aliingia kabla yao kwa mlango wa jikoni, chumvi usoni, vidole vimechanwa na mshipi. Kichwa kikubwa kama tikiti, shingo imekatwa meno meno. Nikamwambia, mwanangu, kichwa si ndicho cha mgeni wa heshima? Tumpe Bi Khole kichwa, tuseme kiwiliwili tumekitoa sadaka asubuhi.
"Usiongope kwa ajili yangu, mama. Nimechoka kuibiwa."
Tukakipika hivyo hivyo. Nikataka kuifunika ile shingo kwa wali, kaniondoa mkono.
Sasa hivi kachukua sinia mwenyewe, na plasta zake vidoleni. Mie nimebaki nyuma ya mlango, naandika ili nisiingie nikasema neno jengine.
Sinia limetuliwa.
"Mashallah," sauti ya Bi Khole. "Na kiwiliwili kiko wapi, mwanangu?"
"Kimeliwa na papa. Jodari wangu wote wanaliwa na papa."
Rahila kacheka, kajizuia.
Sasa bangili zinalia. Si za Aseel, Aseel havai bangili. Za Bi Khole hizo. Sijui kamshika mwanangu vidole, sijui anasukuma sinia mbali —